Safu ya Ushauri: Tiba kwa Waliofikwa na Vichwa vya Habari Ambavyo Havikuandikwa

Historia mbadala ni uandishi unaolichukua tukio lililothibitishwa, ukabadilisha jambo moja ndani yake, kisha ukafuatilia kwa uaminifu yale ambayo yangalifuata. Na uandishi huo unapobanwa ndani ya maneno machache ya juu ya ukurasa wa gazeti, huzaliwa utani wa vichwa vya habari, yaani tangazo la jambo ambalo halikutokea, lililovishwa sura ya jambo lililotokea. Mchezo huu si mgeni katika taaluma ya magazeti, kwa kuwa magazeti yenyewe yamewahi kuucheza bila kukusudia. Tarehe 3 Novemba 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune, likiwa limelazimika kwenda mitamboni mapema kwa sababu wachapaji wake walikuwa katika mgomo, lilitangaza kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa urais wa Marekani, naye Truman, ambaye ndiye aliyeshinda, akapigwa picha akiwa amelinyanyua gazeti hilo juu huku meno yote yakiwa nje.

Huko Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero iliyo chini ya Milima ya Uluguru, kwenye barabara inayochepuka Sangasanga kuelekea Mgeta, mchezo huo umekuwa maradhi, na chanzo chake kinajulikana. Gazeti la zamani halitupwi huko, bali hufungia karanga, maandazi na vipande vya sabuni, na kwa kuwa muuzaji huchana karatasi kwa kipimo cha bidhaa wala si kwa kipimo cha habari, mnunuzi hurudi nyumbani na nusu ya kichwa cha habari, nusu nyingine ikiwa imekwenda na mnunuzi aliyemtangulia, naye hulazimika kuimalizia kwa akili yake mwenyewe. Safu hii, ambayo kazi yake ni kuwashauri waliofikwa, imeyachambua malalamiko matano ya karibuni, na majibu yanatolewa hadharani ili wenye dalili kama hizo wajitibu mapema.

Tatizo la kwanza: mwalimu na madaftari yanayofanana

Mwalimu wa historia analalamika kwamba aliwataka wanafunzi wake wa kidato cha pili waigeuze kwa utani ile habari ya gazeti la New York Herald kuhusu Henry Morton Stanley kuonana na David Livingstone huko Ujiji, Novemba 1871, na darasa zima likamletea kichwa kimoja, "STANLEY AMKOSA LIVINGSTONE", kiasi kwamba hajui ampe nani alama na amshitaki nani kwa kunakili.

Ushauri ni kwamba kunakili kusichukuliwe kuwa kosa kubwa hapa, kwa sababu kosa lililo kubwa zaidi ni kudhani kwamba kukanusha tukio ni sawa na kulibadilisha. Kichwa hicho hakina sababu, na habari isiyo na sababu haichekeshi wala haifundishi. Wanafunzi walipaswa kutafuta tukio-kiungo, istilahi inayotumika katika safu hii kwa maana ya jambo dogo ambalo likiguswa hubadilisha makubwa yanayolifuata. Na hawakuhitaji kulitafuta mbali, kwa kuwa liko katika mkoa wao wenyewe. Mwezi Aprili 1871 msafara wa Stanley ulipita Simbamwene, mji wenye ukuta wa mawe uliokuwa mahali ilipo Morogoro ya leo, uliotawaliwa na mwanamke, binti wa Kisabengo aliyeuanzisha. Wajumbe wa mtawala huyo walimwendea Stanley kudai hongo, ambayo katika karne hiyo ilikuwa ada halali ya kupita katika nchi ya mtu, naye akawajibu kwamba msafara wake mwingine uliotangulia ulikwisha kulipa, hivyo haoni haki ya kulipishwa mara mbili.

Msomaji yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ofisa wa kodi atatambua mara moja penye udhaifu katika jibu hilo: madai ya kulipa yalitolewa, lakini uthibitisho haukuonyeshwa. Kichwa bora, kwa hiyo, kingekuwa "MZUNGU WA GAZETI AZUILIWA SIMBAMWENE KWA KUKOSA RISITI; LIVINGSTONE AENDELEA NA SHUGHULI ZAKE UJIJI". Sehemu ya pili ya kichwa hicho ndiyo yenye utani mkubwa zaidi, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, kwani Livingstone, ingawa aliishiwa bidhaa na dawa, hakujihesabu kuwa amepotea, na hata baada ya kuonana na Stanley alikataa kurudi naye Ulaya, akabaki barani hadi alipofariki mwaka 1873. Mwalimu anashauriwa kuwapa nusu ya alama waliomkosesha Stanley safari bila maelezo, na alama zote kwa mwanafunzi atakayeuliza risiti ilikuwa wapi.

Tatizo la pili: dalali wa nyanya na jenerali

Mama mmoja analeta shauri dhidi ya mumewe, dalali wa nyanya katika soko la Mlali, ambaye kila asubuhi, badala ya kuwakutanisha wakulima na wanunuzi, hukaa kwenye kijiwe cha kahawa akiwatangazia watu kichwa kimoja cha habari cha mwaka 1916, "VON LETTOW-VORBECK ATIWA MBARONI MLALI, VITA VYAISHA", huku matenga yakipigwa na jua na nyanya zikianza kulainika. Mama huyo anauliza kama mumewe ana ugonjwa au ana uvivu.

Safu imechunguza na kuona kwamba ana vyote viwili, lakini historia yake ni nzuri kuliko mkewe anavyodhani. Agosti 1916 jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts lilikuwa likiusogelea mji wa Morogoro, na mpango wake ulikuwa kuyazingira majeshi ya Wajerumani ya Paul von Lettow-Vorbeck kwa kupeleka vikosi pande zote mbili za Uluguru, ili Wajerumani, wakiwa na milima mgongoni, wakose pa kutokea. Upande wa magharibi walitumwa wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Enslin, ambao tarehe 24 Agosti walifika Mlali, mahali Wajerumani walipokuwa na ghala la vifaa, na mapigano yakatokea. Tarehe 26 Agosti Waingereza waliingia Morogoro na kukuta mji hauna jeshi. Smuts aliiarifu serikali yake baadaye kwamba hakuwa na habari ya kuwapo kwa njia inayotoka Morogoro kuelekea kusini, ikipita katikati ya milima hadi Kisaki.

Hapo ndipo tukio-kiungo lilipo, nalo si bunduki wala farasi bali ni njia ya miguu, ambayo kila mama wa Kiluguru aliyewahi kushuka sokoni na mzigo kichwani angeweza kuieleza kwa kunyoosha kidole. Dalali anashauriwa kukiacha kichwa chake cha zamani, ambacho kinamsifu jenerali asiyestahili, na kukitumia hiki: "MWANAMKE WA MLIMANI AULIZWA NJIA, VITA VYAISHA MIAKA MIWILI KABLA YA WAKATI". Akitaka kukifuatilia kwa uaminifu, kama historia mbadala inavyodai, atakuta kwamba bila njia ile kusingekuwa na mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, wala uvamizi wa Msumbiji, wala Lettow-Vorbeck kusalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya, kwa kuwa habari za amani zilichelewa kumfikia porini. Atakuta pia kwamba makumi ya maelfu ya wapagazi, yaani watu waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote, wengi wao wakifa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, wangalirudi makwao.

Tena atakuta jambo linaloigusa biashara yake moja kwa moja. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na vita vikiisha Mlali mwezi Agosti, kambi ingekosa kazi na soko lingekosa jina, hivyo nyanya za Mlali zingepakiwa kwenye lori bila dereva kujua azipeleke wapi. Mama anashauriwa kumruhusu mumewe kuvimaliza vita hivyo kila siku, kwa sharti moja tu, kwamba avimalize baada ya lori la Kariakoo kuondoka.

Tatizo la tatu: mwanafunzi na chombo cha angani

Mwanafunzi wa chuo kikuu jirani anaeleza kwamba ameandika kichwa kisemacho "CHOMBO CHA KIJERUMANI CHATUA UWANJA WA MLALI, BODABODA WAGOMBANIA ABIRIA", na wenzake wa bwenini hawakucheka, jambo ambalo limemvunja moyo kiasi cha kufikiria kuhamia masomo ya uhasibu.

Msingi wa kichwa hicho ni wa kweli, na unastahili kuelezwa. Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya angani L 59, yaani chombo kirefu sana kilichojazwa gesi ya hidrojeni ili kielee, iliondoka Jamboli nchini Bulgaria ikiwa na takribani tani 15 za risasi, dawa na vifaa vingine kwa ajili ya Lettow-Vorbeck. Haikutarajiwa kurudi, kwani katika Afrika Mashariki kusingekuwa na gesi ya kuijaza tena, na kwa sababu hiyo ilipangwa kwamba ikishatua ifumuliwe na kutumiwa yote: kitambaa cha nje kiwe mahema, na ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya kupitia wahudumu ndani yake ikatwe kuwa viatu. Ilipofika anga la Sudan ilipokea amri ya kurejea, na tarehe 25 Novemba ikatua tena Jamboli baada ya saa 95 na kilomita 6,757, bila kumpa mtu yeyote hata sindano moja.

Kasoro ya mwanafunzi ni kwamba amebadilisha mambo matatu kwa mpigo. Kwanza ameifikisha meli, na hilo linaruhusiwa. Pili ameitua Mlali, ilhali Wajerumani walikuwa wameondoka Uluguru zaidi ya mwaka mmoja kabla, na siku ileile meli ilipotua Jamboli wao walikuwa wakivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Tatu ameingiza bodaboda, ambayo ni upotoshaji wa wakati, yaani kukiweka kitu katika zama ambazo hakikuwapo. Msomaji humkubalia mwandishi uongo mmoja kwa hiari, wa pili kwa shida, na wa tatu humfanya aliweke gazeti chini, kwa sababu hajui tena kipi kimebadilishwa na kipi kimekosewa. Mwanafunzi anashauriwa kuitua meli huko huko kusini, kuwaacha bodaboda katika karne yao, na kuutafuta utani ndani ya ukweli wenyewe, kwa mfano: "MELI YA ANGANI YAFIKA SALAMA, JESHI LAIVAA". Akiona wenzake bado hawacheki, uhasibu ni taaluma yenye heshima.

Tatizo la nne: Mlali nyingine yadai fungu lake

Kuna Mlali ya pili, iliyo katika Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, na msomaji wa huko analalamika kwamba Mlali ya Mvomero inapewa nafasi isiyo yake, wakati Kongwa ndiyo iliyotoa habari iliyochekesha dunia nzima bila kuhitaji kugeuzwa. Ameambatanisha kichwa chake: "KARANGA ZA KONGWA ZAZIDI KIASI, UINGEREZA YAAMURU KILA RAIA ALE KASHATA TATU KWA SIKU".

Madai ya msomaji huyo yana uzito. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na serikali yao ikaamua kulima karanga Tanganyika katika eneo lililokusudiwa kufikia ekari milioni 3.2, mradi ukianza Kongwa mwaka 1947 na baadaye kuenea Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, reli na bandari vikajengwa kusini, na mibuyu ikawashinda madereva; kisha ikaonekana kwamba udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu mno, na kwamba mvua yake haiaminiki. Mradi ulifungwa mwanzoni mwa mwaka 1951, yapata pauni milioni 36 zikiwa zimepotea, na sehemu ndogo sana tu ya eneo lililokusudiwa ikiwa imelimwa.

Pamoja na hayo, kichwa cha kashata hakiwezi kupitishwa, ingawa kinachekesha kuliko vingine vyote vilivyopokelewa. Ili karanga zizidi, mvua ingepaswa kunyesha ambayo haikunyesha, na historia mbadala iliyo makini hubadilisha maamuzi ya watu, haibadilishi hali ya hewa, kwa sababu mvua haina akili ya kulaumiwa wala ya kushauriwa. Uamuzi uliokuwapo wa kubadilisha ulikuwa wazi: Wagogo walikuwa wakiishi katika nchi hiyo pamoja na mifugo yao, na ukame waliujua tangu enzi za mababu. Kwa hiyo safu inapendekeza: "WENYEJI WA KONGWA WAULIZWA KUHUSU MVUA, MRADI WA KARANGA WAFUNGWA KABLA YA KUFUNGULIWA". Kuhusu jina, Mlali zote mbili zitaendelea kulitumia, ya Mvomero ikibaki na nyanya na jenerali aliyeponyoka, ya Kongwa ikibaki na karanga ambazo hazikuota, na atakayepanda basi lisilo lake asiilaumu safu.

Tatizo la tano: mjomba asiyecheka

Kijana wa mlimani anaeleza kwamba alimsomea mjomba wake, ambaye kwa desturi ya Waluguru, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, ndiye mwenye kauli katika mambo ya shamba, kichwa alichokitunga kuhusu machafuko ya mwaka 1955, "WALUGURU WAKIMBIA MAJEMBE", na mjomba akanyamaza, akasimama, akaondoka, na tangu siku hiyo habari ya kupewa kipande cha kulima haijazungumzwa tena.

Katika tatizo hili safu iko upande wa mjomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa matumizi ya ardhi Uluguru, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, yaani kuikata miteremko iwe na vidato ili mvua isiuchukue udongo. Nia ya kuhifadhi udongo ilikuwa na sababu zake. Lakini udongo wenye rutuba katika miteremko mingi ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na nguvu, hivyo mkulima alifanya kazi ya kulazimishwa kisha akavuna pungufu. Mwezi Julai 1955 upinzani ulilipuka, na huko Matombo, upande wa mashariki wa milima, mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Mradi ulikufa, na TANU, iliyoundwa Julai 1954 huku Mluguru Patrick Kunambi akiwa miongoni mwa waasisi wake, ikapata milimani masikio yaliyo tayari kusikiliza.

Kosa la kijana ni la kulenga. Kichwa chake kinamcheka aliyelazimishwa na kumwacha aliyelazimisha, na kinamwita mvivu mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa amelima katika mteremko ambao wengine wangeogopa hata kuupanda. Palipomwagika damu utani haukatazwi, ila unapaswa kupanda ngazi hadi kwenye ofisi ilikotoka amri. Mwaka 1960, yaani miaka mitano baada ya mradi kuzimika, Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha kitabu kizima juu ya ardhi na siasa za Waluguru, chenye maswali ambayo yangeweza kuulizwa kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa. Kijana anashauriwa kurudi kwa mjomba akiwa ametanguliza shikamoo, akae chini, aombe radhi, kisha amsomee kichwa hiki cha mwaka 1950: "KITABU CHATANGULIA AMRI, BWANA SHAMBA AMSIKILIZA BIBI HADI MWISHO". Mjomba akitabasamu, kijana asiitaje ardhi siku hiyo. Aitaje wiki inayofuata.

Masharti kwa watakaoleta matatizo mengine

Katika malalamiko yote matano, pale palipopatikana dawa, chanzo cha maradhi kilikuwa kimoja: aliyeamua hakumuuliza aliyejua, awe mchukuzi wa njia ya Kisaki, mfugaji wa Kongwa au mkulima wa mteremkoni, na kichwa cha habari kinachochekesha ni kile kinachomrudishia mtu huyo nafasi ya kuulizwa. Watakaoandika baadaye wanaombwa kwanza waijue habari ilivyokuwa, kwa kuwa asiyejua kilichotokea hana cha kubadilisha, na waambatanishe karatasi nzima ya gazeti badala ya kipande chenye mafuta ya maandazi.

Safu haipokei, na haitapokea, barua yoyote kuhusu mechi za Simba na Yanga. Mabao 6 kwa 0 ya Simba mwaka 1977 na mabao 5 kwa 1 ya Yanga Novemba 2023 ni matokeo yaliyoandikwa na kuhifadhiwa, lakini kila shabiki aliyefungwa ana historia mbadala yake iliyokamilika, yenye mwamuzi, kipa na mvua, na hakuna ushauri wa kitaalamu uliowahi kumwondolea.